Mizizi inajua korongo lilizaliwa lini

Anayefika Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, huja kwa ajili ya tembe. Hupiga picha kwenye mlango wa nakshi na kusimuliwa kwamba David Livingstone alikaa hapa kuanzia Februari hadi Agosti mwaka 1872 akisubiri wapagazi wapya, na kwamba Henry Morton Stanley aliagana naye katikati ya Machi mwaka huo akashika njia ya pwani. Mwaka uliofuata watumishi wa Livingstone, akina Chuma na Susi, walipita hapa hapa Unyanyembe wakiwa na mwili wa bwana wao, wakielekea Bagamoyo. Ni historia nzito, na mgeni anayeisikiliza huwa ameinua uso kutazama kuta na dari.

Mimi nakuomba msomaji uinamishe macho. Tazama pembeni mwa njia, pale mzizi wa mti mkubwa unapotokeza nje ya ardhi ukapanda juu ya udongo kiasi cha kiganja, kiwiko, pengine zaidi, umekakamaa kama mshipa kwenye mkono wa mzee. Mwembe haukuchipuza mzizi ule hewani, na mninga vivyo hivyo. Ulikuwa chini, gizani, umefunikwa. Kilichoondoka ni udongo. Mzizi umebaki pale pale ulipokuwa siku zote, na kwa sababu haukuhama, umekuwa kipimo cha kilichohama.

Katika nchi nyingi wataalamu wa ardhi wamejifunza kusoma kipimo hicho. Wanaingia ndani ya korongo wakati wa kiangazi, wanakata vipande vya mizizi inayoning'inia kwenye kuta zake, na kutoka kwenye vipande hivyo wanapata mwaka. Nasisitiza mwaka, kwa sababu tumezoea kulizungumzia korongo kana kwamba halina tarehe. Tunasema lilikuwepo tangu zamani, tunasema ni mvua, tunasema ni kazi ya Mungu, na mjadala unaishia hapo. Mzizi hauruhusu mjadala uishie hapo. Unasema korongo hili lilianza kufunguka mwaka fulani. Ukishaujua mwaka, swali linalofuata haliepukiki: mwaka ule tulikuwa tunafanya nini hapa?

Kwihara ni mahali panapostahili swali hilo, kwa kuwa njia iliyoifanya ijulikane ilikuwa ya miguu. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba mwaka 1857, walipita njia nyembamba ambamo watu wa misafara walienda mmoja nyuma ya mwingine, kirangozi mbele na wapagazi nyuma yake. Wanyamwezi walibeba meno ya tembo kwenda Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga na nyaya. Pamoja nao walipitishwa watu waliofanywa watumwa, ambao hawakuichagua safari ile. Nyayo zile zote zilikanyaga mstari mmoja wa ardhi, mwaka baada ya mwaka, mpaka reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na kuwapumzisha wapagazi.

Fikiria mstari huo unafanywaje na nyayo. Majani yanakufa kwanza. Kisha udongo unashindiliwa mpaka maji hayaingii. Mvua ikinyesha, shamba la jirani linakunywa, njia inakataa. Maji yanayokataliwa hutafuta pa kwenda, na njia imeshakuwa mfereji, imezama kidogo kuliko kando zake. Msimu wa kwanza maji hupeleka vumbi. Msimu wa tano huchonga kijito. Watu, wakiona njia imeharibika, huhamia hatua mbili pembeni na kufungua mstari mpya, nao unafuata mkondo ule ule. Njia za ng'ombe kuelekea lambo huzaliwa hivyo hivyo, na kwa kasi kubwa zaidi, kwa kuwa kwato hukata udongo kuliko nyayo.

Korongo linapokwisha kushika, huwa halihitaji tena kusaidiwa. Kichwa chake, yaani pale juu linapoanzia, ni kama maporomoko madogo. Maji yakidondoka pale huchimba shimo chini ya ukuta, ukuta ukabaki unaning'inia, kisha kipande kizima kikaanguka. Kwa namna hiyo korongo hupanda mlima. Linakua kwa kurudi nyuma, kuelekea kule maji yanakotoka, na linapoufikia mti huukuta umesimama ukingoni, nusu ya mizizi yake ikiwa ndani ya udongo na nusu imeachwa wazi hewani. Nusu ile ndiyo shahidi wetu.

Njia rahisi ya kumhoji shahidi huyo haihitaji maabara. Tafuta mti ambao umri wake unajulikana. Vijijini miti ya namna hiyo ipo mingi, kwa sababu watu wetu huhesabu miaka kwa matukio: mwembe uliopandwa mwaka wa Uhuru, mti uliopandwa tulipohamia kijijini mwaka 1974, mkaratusi uliopandwa shule ilipofunguliwa. Nenda hatua mbili kutoka kwenye shina, kwani karibu mno na shina mti wenyewe hujiinua unaponenepa na utakudanganya. Pima kutoka mgongo wa mzizi hadi ardhini. Punguza unene ambao mzizi umeongeza kwenda juu tangu ulipofichuka. Gawanya kwa umri wa mti.

Tuseme umepata sentimita 30 kwa mti wa miaka 60. Ni nusu sentimita kwa mwaka, unene wa tambi chache zilizolazwa pamoja. Yeyote atasema ni kidogo. Lakini nusu sentimita ikiondoka kwenye hekta moja ni mita za ujazo 50 za udongo, karibu tani 65, na huo ni udongo wa juu, ule wenye mbolea, ambao mahindi huutafuta. Magari sita au saba ya tani kumi kumi yamepakia shamba la mtu na kuondoka nalo kila mwaka, na hakuna aliyesikia ngurumo ya injini.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inatoa wastani, na wastani huficha. Huenda kwa miaka 40 ya mwanzo udongo haukuondoka hata chembe, kisha katika miaka 20 ya mwisho ukaondoka wote. Kwa mwenye kutaka kujua sababu, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Hapo ndipo inabidi kuingia ndani ya mti wenyewe.

Mzizi ulioko chini ya ardhi huishi maisha ya utulivu. Joto halibadiliki sana, unyevu upo, udongo unaubana kila upande. Mti wake hutengenezwa ukiwa na nafasi pana za kupitishia maji na kuta nyembamba. Siku udongo unapouacha, kila kitu hubadilika: jua la mchana, baridi ya alfajiri, upepo, kwato, mawe yanayosukumwa na maji. Kuanzia hapo mzizi hujenga mti wa aina nyingine, ulioshikana zaidi, wenye nafasi ndogo, unaofanana na tawi kuliko mzizi. Mahali ulipokwaruzwa hubaki kovu, na kovu hufunikwa taratibu na pete za miaka inayofuata. Mtaalamu akikata kipande chembamba kuliko karatasi, akakipaka rangi na kukiweka chini ya hadubini, huona mpaka: ndani mti wa gizani, nje mti wa hewani. Kisha huhesabu pete kuanzia kwenye gome kurudi hadi kwenye mpaka ule, na mwaka unapatikana.

Elimu hii ina historia yake. Mmarekani Valmore LaMarche aliitumia kwenye milima ya White Mountains huko California, katika misonobari yenye umri wa maelfu ya miaka, na mwaka 1968 akachapisha kasi ambayo miteremko ile ilikuwa ikipukutika. Baadaye watafiti wa Uswisi, akiwemo Holger Gärtner, waliboresha namna ya kuutambua mwaka wa kufichuka kwa kutazama mabadiliko ndani ya mti wenyewe. Ireneusz Malik alikwenda kwenye makorongo ya kusini mwa Poland yaliyomo ndani ya msitu, na mwaka 2008 akaonyesha kwamba mizizi inaweza kutoa tarehe za korongo dogo kufunguka. Huku kwetu Thomas Dunne na wenzake walipima mizizi iliyofichuka katika nyika za Kenya, na kazi yao ya mwaka 1978 ililinganisha mmomonyoko wa siku zile na ule wa kale. Kasi ya siku zile ilikuwa kubwa kuliko ile ya asili.

Kuna pingamizi ambalo msomaji makini atalitoa: miti ya nchi za joto haina pete za mwaka za kuaminika. Kwa miti mingi ni kweli. Mwembe hauvui majani yote kwa pamoja, na pete zake si za kutegemea, ndiyo maana nimeuweka kwenye hesabu ya rula peke yake. Ila Tabora ina bahati. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au karibu na hapo, halafu kiangazi kirefu kikavu ambamo miti ya miombo hupukutisha majani. Mti unaolala mara moja kwa mwaka huandika mstari mmoja kwa mwaka. Mninga, mti huo huo ambao mafundi wa Tabora hutengenezea vitanda na milango, ulithibitishwa na David Stahle na wenzake nchini Zimbabwe mwaka 1999 kwamba pete zake ni za mwaka hasa. Mtundu nao, mwenzake wa miombo, ulichunguzwa pete zake na Valerie Trouet na wenzake katika kazi ya mwaka 2001 kuhusu miombo ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mashahidi wawili wanaoaminika wamesimama katika pori linaloizunguka Kwihara.

Sasa tulifikie swali lenyewe: korongo ni kazi ya mbingu au ya mkono wa mtu? Mizizi hulijibu kwa njia nzuri sana. Ikiwa korongo lilifunguliwa na gharika moja, tuseme mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, mizizi mingi katika kuta zake itaonyesha mwaka mmoja wa kufichuka, kuanzia mdomoni hadi kichwani. Ikiwa lilifunguliwa na matumizi ya ardhi, miaka itapangana: mizizi ya chini ilifichuka zamani, ya katikati baadaye, ya juu juzi, na kasi itaongezeka ghafla kuanzia mwaka pori lilipofyekwa au barabara ilipochongwa. Ukichukua rekodi ya mvua ya kituo cha hali ya hewa na kuilaza kando ya miaka hiyo, utaona kama mvua iliongezeka pamoja na kasi au kama mvua ilibaki ile ile na kasi ikapanda peke yake.

Jibu la namna hiyo lilishapatikana zamani, kwa njia nyingine, kwenye njia hii hii ya msafara. Ukitoka Kwihara kwenda mashariki utafika Mpwapwa, kituo ambacho misafara iliyotoka pwani ilikipenda kwa maji yake baridi yanayoshuka milimani kabla ya kukabiliana na nyika ya Marenga Mkali. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa, R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko mmoja, mvua moja, udongo mmoja. Kimoja alikiacha na kichaka chake. Kingine kilikuwa na majani. Kingine kililimwa mtama au uwele, na kingine kikaachwa kitupu. Chini ya kila kimoja aliweka matangi ya kukusanyia maji na udongo unaoteremka.

Matokeo yake ningependa yabandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji. Kwenye kichaka, kati ya mvua yote iliyonyesha, maji yaliyotiririka juu ya ardhi yalikuwa asilimia 0.4, na udongo haukupotea. Kwenye majani ilikuwa asilimia 1.9, na udongo haukupotea. Kwenye shamba la nafaka ilifika asilimia 26, na udongo uliopotea ulikuwa tani 78 kwa hekta kwa mwaka. Kwenye ardhi tupu nusu ya mvua ilikimbia, asilimia 50, ikiwa imebeba tani 146. Mbingu ilikuwa ile ile juu ya vipande vyote. Kilichobadilika ni kile ambacho binadamu alikifanya au hakukifanya juu ya ardhi.

Linganisha tani 78 za shamba la nafaka la Mpwapwa na zile tani 65 tulizozipata kwa rula kwenye mfano wetu wa mti wa miaka 60. Hazipishani mno. Mzizi uliopanda kiwiko juu ya ardhi unatuambia tunalima mteremko wetu kwa hasara ya namna ile ile.

Hata milimani, mambo ni hayo. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilipiga Mgeta, katika milima ya Uluguru, na maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 yakatokea katika muda wa saa chache. Paul Temple na Anders Rapp walipoyahesabu waligundua kwamba yaliyoanzia ndani ya msitu hayakufika asilimia moja. Karibu yote yaliyobaki yalianzia mashambani na malishoni, mahali ambapo mizizi mirefu ilikuwa imekwisha kung'olewa.

Nirudi Unyamwezi. Hapa ardhi ni ya mawimbi mapana, na mkulima anaijua kwa majina ya ngazi zake: juu mchanga wa lusenyi, chini yake itogolo lenye tabaka gumu lisilopitisha maji, bondeni mbuga nyeusi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, aliipita nchi hii mwishoni mwa 1935 na mwanzoni mwa 1936, na mpangilio wa namna hii, wa juu hadi bondeni, ndio aliouita mnyororo wa udongo, wazo ambalo leo linafundishwa duniani kote. Mnyororo huo una pete dhaifu. Maji yakikataliwa juu hukimbilia kwenye itogolo, itogolo nalo haliyanywi, na pale juu ya mbuga ndipo makorongo hupenda kufunguka.

Kinachoyafanya maji yakataliwe juu kinajulikana. Tumbaku ni kimojawapo, na naitaja nikijua ni nani wanaoitegemea. Familia nyingi za Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui zimesomesha watoto kwa tumbaku. Lakini tumbaku huchosha shamba, na minyoo fundo hushambulia mizizi yake, kwa hiyo mkulima hufyeka pori jipya baada ya misimu michache. Kisha majani yanahitaji kukaushwa kwenye bani, na bani hula kuni usiku na mchana. Pori linaondoka mara mbili: mara ya kwanza kwa shamba, mara ya pili kwa moto. Na matuta yakichongwa kufuata mteremko, kwa sababu ni rahisi kwa jembe na maji hayasimami kwenye mche, kila tuta linakuwa mfereji unaoelekea bondeni.

Matanuri ya matofali ya kuchoma yapo, mkaa upo, uchimbaji wa mchanga mtoni upo, moto wa kila kiangazi unaoliacha pori jeusi siku chache kabla ya mvua za kwanza upo. Ng'ombe wameongezeka kwa wafugaji kuhamia kutoka kaskazini. Vijiji vya Ujamaa vilipoanzishwa miaka ya 1970, watu waliotawanyika walikusanywa pamoja, na kuni, mashamba na malisho vikakusanyika pamoja nao kuzunguka kijiji kimoja. Ningependa sana kuona mizizi ya makorongo ya Tabora inasema nini kuhusu miaka ile.

Jambo moja tunalisahau kwa sababu linaonekana kama maendeleo, nalo ni barabara. Barabara hukusanya maji ya eneo pana, huyatia mtaroni, kisha huyatema kwa pamoja mahali kalavati lilipowekwa. Mhandisi amemaliza kazi yake, barabara ni kavu, na chini ya kalavati mwenye shamba anaanza msimu wake wa kwanza wa korongo. Mapaa ya bati ya mtaa mpya hufanya vivyo hivyo. Jirani zetu wa Kongo wanalijua hili kwa machozi: utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulihesabu makorongo 2,922 katika miji 26 ya nchi hiyo, yenye urefu wa karibu kilomita 740 kwa jumla, na kukadiria kwamba kati ya mwaka 2004 na 2023 watu wapatao 118,600 walipoteza makazi yao. Sehemu kubwa ya makorongo hayo yanahusiana na barabara zisizo na mifereji ya kutosha. Mji wa Tabora unapanuka. Viwanja vinapimwa, mitaa inachongwa, na mchanga wake ni mwepesi.

Haki inanidai niseme pia kwamba si kila korongo ni la mkono wetu. Katika vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, watafiti waliopima umri wa udongo uliolundikana chini ya miteremko walichapisha mwaka 2000 kwamba mmomonyoko mmoja mkubwa ulitokea zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa inabadilika, na mwingine ukaja ndani ya miaka elfu moja hii, wakulima walipoanza kufyeka. Ndiyo maana tarehe ni muhimu kuliko hisia. Asiye na tarehe atamlaumu mfugaji kwa dhambi ya mvua za kale, au ataisingizia mvua kwa kazi ya mhandisi wa mwaka jana.

Kondoa inatufundisha na jingine. Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondoka katika eneo lililoharibika la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yalirudi. Miti ilirudi. Makorongo mengi yakatulia, na wenye kupita barabara ile waliona mabadiliko kwa macho. Lakini familia zilizoondolewa ng'ombe zililipa gharama kubwa, maziwa yakaadimika nyumbani, na wengine waliwarudisha ng'ombe usiku. Uluguru mwaka 1955, watu walipolazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, ghasia za Matombo zilimwaga damu. Ardhi inaweza kuponywa kwa amri, hilo Kondoa imelithibitisha, ila mimi siamini kwamba amri ndiyo njia ya kuanzia.

Ninaamini zaidi mfano wa jirani wa Tabora. Shinyanga iliyokuwa ikiitwa jangwa ilianza mwaka 1986 mradi wa HASHI, na badala ya kuleta jambo geni, mradi uliuliza Wasukuma walikuwa wakifanya nini zamani. Walikuwa na ngitili: malisho yanayofungwa wakati wa masika ili majani na vichaka vikue, kisha kufunguliwa kiangazi kikikaza. Ngitili zilizokuwa zimebaki hekta mia kadhaa zilifufuliwa, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kufikia takriban hekta 350,000. Familia na vijiji vilikuwa na ngitili zao. Kwa nini zinasaidia tunajua kutoka Mpwapwa: kichaka, asilimia 0.4.

Kwa hiyo ombi langu ni la wazi na halina gharama kubwa. Kwihara imo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ambayo Tanzania iliipeleka UNESCO mwaka 2006, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji, kama njia kuu ya kati ya watumwa na pembe za ndovu. Urithi wa njia ni ardhi yenyewe ya njia. Tembe likibomoka fundi atalijenga upya kwa udongo na miti, kama lilivyojengwa mwanzo. Njia ikigeuka korongo hakuna fundi wa kuirudisha.

Mkoa una watu wa kuifanya kazi hii. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi, kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki ambacho wanafunzi wake wanaijua miombo mti kwa mti, na Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina wataalamu wa misitu na maabara. Korongo moja la Kwihara lichaguliwe. Mizizi ikatwe kwa uangalifu kutoka mdomoni hadi kichwani, mninga na mtundu kwanza, na wazee wa kijiji waketi pamoja na watafiti kuoanisha miaka ya mti na miaka ya kijiji: mwaka wa kuhamia, mwaka wa barabara, mwaka wa lambo, mwaka pori la upande ule lilipogawiwa. Ramani itakayopatikana iende kwenye baraza la kijiji kabla ya kwenda kwenye jarida lolote la kitaalamu, ili wenye ardhi waamue wenyewe ni mteremko upi ufungwe uwe ngitili na ni kalavati lipi lidaiwe kwa mhandisi.

Wakati wa kufanya hivyo ni kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, korongo likiwa kavu na mizizi ikiwa inaonekana. Mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha, kuta zitaanguka tena, na baadhi ya mizizi ile itaondoka pamoja na udongo.